Maswali ya Wasomaji: Ujumbe wa Maandishi kwa Redio ya Ridhaa Siku ya Maafa

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi kwamba watu wenye leseni ya redio ya ridhaa, yaani wale wanaoendesha mitambo ya mawasiliano kwa kuipenda kazi hiyo na bila kulipwa, wanaweza kupitisha ujumbe ulioandikwa wakati simu na intaneti zimekatika. Barua zilizotufikia baada ya hapo zimetoka kwa wingi Mombasa, na si ajabu. Kitovu cha mji huo ni kisiwa, na wakazi wake hawajasahau giza lililoifunika nchi nzima usiku wa 25 Agosti 2023, wala tahadhari za kimbunga Hidaya mwezi wa Mei 2024, mwezi uleule ambao nyaya mbili za intaneti zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika. Tumechagua barua chache, na nyingine tumezifupisha.

SWALI: Mhariri mpendwa, miaka michache iliyopita mvua kubwa ilitufungia njia hapa kwetu, umeme ukapotea na simu zikazimika. Kijana mmoja wa mtaani aliyekuwa na redio ya mkononi alijitolea kuwaarifu ndugu zangu walio ng'ambo ya feri kwamba mama hajapata dawa zake za shinikizo la damu. Habari ilipita kwa watu watatu, na iliyofika ni kwamba mama amepata dawa, basi kaka yangu akalala usingizi wake. Namshukuru Mungu mama yu hai. Lakini ninajiuliza: ikiwa redio inasema, kuna haja gani ya kuandika? Na je, kuandika kungezuia kosa lile? — Msomaji, Likoni

JIBU: Pole sana, dada yetu, na utusalimie mama. Kosa ulilolieleza si la kijana yule peke yake, kwani kwa kiasi fulani ni la lugha yetu wenyewe. Kiswahili hubeba ukanushi mwanzoni kabisa mwa kitenzi, mara nyingi katika silabi moja tu, na silabi hiyo ndiyo inayopotea kwa wepesi zaidi hewani. Mtu asiye na uzoefu hubonyeza kitufe cha kusemea na kuanza kusema kwa wakati mmoja, kabla mtambo haujaamka, na silabi ya kwanza ikabaki mdomoni mwake. "Hatuna maji" hutoka "tuna maji", "hakuna majeruhi" hutoka "kuna majeruhi", na "hatutahama" huwa "tutahama". Msikilizaji hana sababu ya kushuku chochote, kwa kuwa alichokisikia ni Kiswahili safi. Katika kisa chako, yaelekea mtu wa pili alisikia neno lililokatika kichwa, akalikamilisha kwa akili yake, na wa tatu akalipokea kama lilivyokamilishwa.

Hapo ndipo karatasi inapoingia. Habari ya mdomo hukaa kichwani kama maana, na kila anayeipokea huitoa tena kwa maneno yake, hata baada ya watu watatu maneno ya mwenyewe hayapo tena. Ujumbe ulioandikwa husafiri kama maneno. Mwenye ujumbe huuandika, au husomewa ulioandikwa kwa niaba yake akaukubali na kuutia jina. Mwendeshaji wa kwanza huusoma hewani kwa mwendo wa mkono unaoandika, si kwa mwendo wa mdomo unaozungumza. Wa pili huuandika neno kwa neno, na kabla ya kukiri kwamba ameupokea hulinganisha idadi ya maneno yaliyo mbele yake na idadi iliyotajwa mwanzoni. Zikitofautiana, hakiri kupokea, bali huuliza: neno baada ya "dawa" ni lipi, nirudie yote yaliyo kati ya "mama" na "leo". Mwendeshaji katika kazi hii ni tarishi. Haongezi neno, hapunguzi neno, wala hasahihishi tahajia anayoiona imekosewa, maana huenda lile analolidhani kosa ndilo jina la mtu.

Hata hivyo, kuandika peke yake kusingetosha. Hesabu hugundua neno lililopotea, haigundui silabi iliyopotea, kwa kuwa "tuna" ni neno moja na "hatuna" ni neno moja vilevile. Kwa hiyo mwendeshaji mwangalifu humshauri mwenye ujumbe, kabla ujumbe haujaondoka mezani, atafute namna ya kusema jambo lilelile bila ukanushi, na mwenyewe akikubali, alibadilishe kwa mkono wake. "Dawa za mama zimekwisha" ingewafaa zaidi ninyi siku ile, kwani hata neno la mwisho likikatwa kichwa, kinachobaki hakigeuki kuwa habari njema, na msikilizaji ataomba arudiwe. Panapokuwa hapana budi kukanusha, neno hutamkwa, hutahajiwa herufi kwa herufi, kisha hutamkwa tena.

SWALI: Ndugu mhariri, ninafundisha shule ya msingi na kusimamia kikosi cha skauti. Katika zoezi letu la muhula uliopita tulijifanya tumewahifadhi watu waliokimbia mafuriko, na wanafunzi wakaandika ujumbe huu: "Tafadhali tunaomba mjue kwamba sisi hapa shuleni tuna watu wengi sana kama arobaini na kitu wakiwemo watoto na maji hatuna ya kutosha mpaka kesho hivi basi tusaidieni haraka." Naomba uusahihishe, na utueleze fomu ya kuandikia ujumbe ina sehemu gani. — Mwalimu, Kisauni

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameandika kama waungwana, na uungwana ndio uliowaponza. Ujumbe una maneno 28, na baada ya kuyasoma yote mwenye lori la maji bado hajui apakie kiasi gani. Maneno manne ya kwanza ni ya kubisha hodi. "Wengi sana" na "arobaini na kitu" hayampi mtu nambari ya kufanyia kazi, ilhali watu wenyewe wamekaa mbele ya macho yenu na mtoto mmoja angeweza kuwahesabu kwa dakika mbili. "Maji hatuna" ni mtego ule tuliomweleza msomaji wa Likoni. "Tusaidieni haraka" haisemi kwa kitu gani. Neno baya kuliko yote ni "kesho". Kesho ya nani? Ujumbe ukiandikwa Jumatano jioni, ukangoja zamu yake, ukafika kwa msomaji Alhamisi alfajiri, kesho yenu imekwisha kuwa leo yake, naye ataisoma kuwa Ijumaa. Andikeni siku kwa jina lake au tarehe kwa nambari zake.

Mimi ningeuandika hivi:

WATU 42 WAPO SHULENI X
WATOTO NI 19 X MAJI
YATAKWISHA ALHAMISI ASUBUHI X TUNAOMBA
MAJI NA MABLANKETI

Hayo ni maneno 18. Herufi X, inayosomwa "eksirei", inasimama mahali pa nukta, kwa sababu nukta haisikiki hewani, nayo huhesabiwa kama neno. Kila kundi la herufi au tarakimu lisilokatwa na nafasi ni neno moja, kwa hiyo 42 ni neno moja. Nimeyapanga matano matano kwa mstari ili anayehesabu asihitaji kufuatisha kidole: mistari mitatu kamili na maneno matatu juu yake. Wamarekani, ambao fomu yao ndiyo inayofuatwa na wengi, hushauri matini yasizidi maneno 25, na hapo Kiswahili kinatupendelea, kwani "yatakwisha" linabeba katika neno moja kile ambacho lugha nyingine zingetumia matatu kukisema.

Fomu hiyo ni ya American Radio Relay League, chama kilichoanzishwa mwaka 1914 mjini Hartford, nayo ina sehemu nne: kichwa, anwani, matini na sahihi. Kichwani huandikwa nambari ya ujumbe, daraja lake la uharaka, ishara ya wito (herufi na tarakimu za kukitambulisha) ya kituo kilichoutoa, hesabu ya maneno, mahali ulipoandikwa, saa na tarehe. Hesabu ni ya matini peke yake, anwani na sahihi hazimo. Nambari na ishara ya kituo cha kwanza hazibadiliki njiani hata ujumbe upite kwa watu sita, na faida yake huonekana siku ya tatu, mtu anapouliza, "Ule ujumbe wa mablanketi uliishia wapi?" Kila kituo hufungua daftari na kuutafuta kwa nambari, bila kubishana ni mablanketi yapi. Sahihi iandikwe pamoja na cheo, kwa sababu afisa wa ghala hatatoa mali ya umma kwa jina tupu, na anwani nayo iwe ya cheo zaidi kuliko ya mtu, maana siku ya maafa watu hubadilishana zamu.

Neno la tatu katika jina la chama hicho lina maana ya kupokezana. Mwanzilishi wake, Hiram Percy Maxim, alikuwa ameshindwa kuufikia mji wa Springfield kwa mtambo wake, akamwomba mwenzake wa Windsor Locks, ulio katikati ya miji hiyo miwili, ampitishie ujumbe. Jambo hilo wanafunzi wako wanaweza kulifanyia mazoezi bila redio yoyote. Mmoja asome ujumbe nyuma ya mlango uliofungwa, wa pili auandike upande huu huku mwenzao akigonga debe, kisha wa pili ausomee mlango mwingine. Mwishoni linganisheni karatasi ya kwanza na ya mwisho. Debe ni la lazima, bila debe kila mtu ni hodari.

SWALI: Bwana mhariri, nilikuwa afisa wa redio melini kwa miaka mingi, enzi za simu ya upepo. Je, hawa watu wa ridhaa wana nidhamu ile ya kupanga foleni ya ujumbe, au kila mmoja hupayuka anapotaka? Na saa wanaziandika kwa hesabu ipi? — Mstaafu, Mji wa Kale

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Mengi utayatambua. Katika vifupisho vile vya redio, QTC ingali na maana ya "nina ujumbe", QSP ingali "nitaupitisha", na QRU ingali "sina kitu chako". Siku ya maafa hawapayuki. Hukutana kwenye masafa yaliyokubaliwa chini ya kituo kimoja kiongozi, kila anayeingia hutaja ana ujumbe mangapi na wa kwenda wapi, na kiongozi huwaelekeza wawili wawili wahamie masafa ya kando, wamalizane, kisha warudi. Asiye na kitu hunyamaza na kusikiliza, na kunyamaza huko ni kazi pia.

Madaraja ni manne. Dharura ni ya uhai na mauti. Kipaumbele ni ya shughuli muhimu zenye kikomo cha wakati, kama ujumbe wa maji wa wale skauti. Hali ya Jamaa ni ya kuulizana na kujulishana juu ya watu waliomo katika maafa. Kawaida ni mengine yote, nayo hungoja mpaka hewa itulie. Mtu anayetia neno Dharura juu ya ujumbe wa kuahirisha harusi anamkalia mwenzake kooni, na mwendeshaji ana haki ya kumuuliza kwa upole kama ana hakika.

Swali lako la saa ndilo lenye miiba, na ninaona wachache wanaolizungumza. Melini mlikuwa na saa ya dunia, mkamaliza. Sisi nyumbani tuna tatu. Saa tatu asubuhi ya Mombasa ni 0900 kwa saa ya ukutani na ni 0600 kwa saa ya dunia, ile iitwayo UTC. Mtu akiandika "saa 3" tu, mpokeaji asiye Mswahili ataisoma 0300, ambayo kwetu ni saa tisa ya usiku. Na kama ni saa ya kuondoka mashua ya kuwachukua wagonjwa, mashua itangoja gizani bila abiria, au abiria watafika ufukweni na kukuta imeondoka. Kwa hiyo ndani ya matini saa iandikwe kwa tarakimu nne za hesabu ya saa 24, na ijulikane wazi kama ni ya Afrika Mashariki au ya dunia. Mwenye ujumbe akisema "saa nane mchana", mwendeshaji amwonyeshe 1400 kwenye karatasi na amwambie athibitishe.

Jambo jingine, mzee, ambalo nyinyi mliopiga alama za Morse halikuwasumbua: kwa sauti, "nne" na "nane" hufanana mno penye mvumo. Tarakimu zitamkwe moja moja, zitanguliwe na neno "tarakimu" ili mwandishi ajiandae, kisha zirudiwe. Kwa hizo mbili mimi hupendekeza mtu ahesabu kwa sauti mpaka afike: "nne, moja mbili tatu nne." Inachosha, lakini haikosewi.

SWALI: Mimi ni fundi simu. Redio za mkononi siku hizi ni rahisi. Nikinunua moja, si nitaweza kusaidia mtaa wangu? Na kwa nini tuhangaike na fomu wakati WhatsApp ipo? — Barobaro, Kongowea

JIBU: Ndugu yetu, WhatsApp ikiwepo itumie, hakuna anayeshindana nayo. Wewe fundi unajua vyema kuliko sisi kwamba simu yenye chaji kamili haina kazi ikiwa mnara ulio jirani umekosa umeme au njia ya kuuunganisha na dunia imekatika. Redio ya ridhaa inahitaji betri, waya wa antena, na mtu wa upande wa pili mwenye vitu hivyo hivyo.

Kununua redio si ruhusa ya kuitumia kurushia. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo pia hukupa ishara ya wito. Zetu huanza na 5Z. Kanuni za kimataifa hazimzuii mtu aliye hatarini kutumia njia yoyote ya redio aliyonayo kuomba msaada, lakini ruhusa hiyo ni ya anayezama, si ya anayependa kusaidia wanaozama. Ukitaka kusaidia, tafuta leseni mapema.

Na usitegemee makubwa kutoka kwa kidude cha mkononi. Kikiwa kwenye masafa ya megahezi 144 mpaka 146, hufika takriban pale ambapo jicho lingefika: Likoni na Kizingo watasikizana juu ya maji bila taabu, lakini ukishuka nyuma ya kilima au kuingia kati ya majengo marefu umepotea, mpaka mtu aliye juu ya paa la ghorofa akupokelee na kupitisha. Kwenda Voi au Nairobi unahitaji masafa ya chini zaidi, kwa mfano ya megahezi 7 wakati wa mchana, na waya uliotandazwa mita chache tu juu ya ardhi, ambao hurusha mawimbi kuelekea mbinguni, nayo yakarudishwa chini na tabaka za juu za anga kama mvua inayotawanyika nchi nzima. Milima haiwi kizuizi tena.

SWALI: Mwanangu yuko Maskati kwa kazi. Maafa yakitufika, nitaweza kumpelekea habari kwa njia hii? Na ni nani mwingine atakayezisoma? — Mama, Tudor

JIBU: Mama, nianze na swali lako la pili kwa sababu ndilo watu hulisahau. Kila mtu mwenye redio anaweza kuusikia ujumbe wako, wa hapa na wa mbali. Kanuni za kimataifa zinakataza vituo vya ridhaa kuficha maana ya wanayoyasema kwa maandishi ya siri, kwa hiyo hakuna kifuniko. Usiandike nambari ya siri ya M-Pesa, usiandike nambari ya kitambulisho, na ugonjwa ambao usingependa jirani aujue usiutaje. Tanzia nazo haifai kupita njia hii. Habari ya kifo hupelekwa na wenye mamlaka au na mtu wa ukoo anayejua kukaa na mfiwa, si na sauti ngeni inayosoma karatasi.

Kuhusu Maskati, kanuni za Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, kama zilivyorekebishwa Geneva mwaka 2003, zinaruhusu vituo vya ridhaa kupeleka ujumbe wa watu wengine kutoka nchi moja hadi nyingine pale tu panapokuwa na dharura au kazi ya kuokoa waliofikwa na maafa, na kila serikali ina haki ya kuamua jinsi ruhusa hiyo itakavyotumika kwake. Sharti la maafa, basi, mnalitimiza. Vituo vya dharura vya upande wetu wa dunia, yaani Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati, hukusanyika karibu na masafa kama kilohezi 7110 na 14300, na wasio na ujumbe hutakiwa kuwapisha.

Bahari hii yetu ina mfano wake. Desemba 2004 Bharathi Prasad wa India alikuwa Port Blair, katika visiwa vya Andaman, pamoja na kundi la wenzake, wakifurahia ruhusa adimu ya kurusha kutoka visiwani humo. Tarehe 26 tetemeko lilipotokea na mawimbi ya tsunami kufuata, waliacha mchezo wao wa kuwasiliana na dunia, wakageuka kuwa njia ya habari za watu waliokwama huko na jamaa zao walioko bara. Hawakuwa wamekwenda kwa ajili hiyo. Walikuwa na mitambo, betri, na mazoea ya kuandika kila wanachokisikia.

Ujumbe wako uwe mfupi na utoke mapema. Desturi ya kazi hii ni kwamba habari zinazotoka penye maafa hutangulizwa mbele ya maswali yanayoingia, na ina busara yake: neno moja kutoka Tudor linalosema mko salama litazuia maswali ishirini kutoka Maskati, Nairobi na Lamu. Mchague mtu mmoja wa ukoo awe mpokeaji, naye awaambie wengine. Wamarekani wana hata sentensi zilizopewa nambari, ya kwanza ikiwa na maana ya "Wote hapa ni salama, tafadhali msiwe na wasiwasi", na mwendeshaji hutuma nambari hiyo kwa maneno badala ya sentensi nzima. Vikundi vyetu vingeweza kujitungia orodha ya Kiswahili, mradi karatasi ileile iwepo pande zote mbili. Mpaka hapo, andika: SOTE SALAMA X NYUMBA NZIMA X USIPIGE SIMU NGOJA NIKUPIGIE. Hata mwendeshaji asiyejua neno moja la Kiswahili anaweza kuupitisha, akiupokea herufi kwa herufi, kwa sababu hatakiwi kuuelewa.

SWALI: Ninaendesha bodaboda. Ujumbe ukishafika redioni, unamfikiaje mtu? Huku kwetu nyumba hazina nambari. — Msomaji, Changamwe

JIBU: Swali zuri, na jibu lake huenda ni wewe mwenyewe. Safari ya redio ya kilomita 500 inaweza kuchukua dakika tatu, kisha ujumbe ukakaa mezani siku mbili kwa sababu anwani inasema "Bi Fatuma, Majengo". Kina Bi Fatuma wa Majengo ni wangapi? Anwani ya Mombasa inabeba alama za mtaa: nyuma ya msikiti gani, mkabala wa duka la nani, mlango wa rangi gani. Ibebe pia jina analoitwa mtu na majirani, ambalo mara nyingi silo la kitambulisho. Ongeza nambari ya simu, kwani mtandao unaweza kuwa umerudi upande wa mpokeaji hata kama kwa mtumaji umekufa, na hapo kazi inakwisha kwa kupiga simu na kusoma.

Ukikabidhiwa karatasi, ipeleke kama ilivyo. Kama mpokeaji hajui kusoma, msomee yaliyoandikwa, usimsimulie. Muulize kama ana jibu, aliandike papo hapo au uandike kwa maneno yake, kisha urudi na saa uliyomkabidhi, ili mwendeshaji aiandike daftarini. Ukimkosa, uliza barazani au kwa muuza mahamri wa pale, na ukimkosa kabisa, rudi ukaseme. Kuna ujumbe mfupi maalumu wa kurudishwa kwa mtumaji kumwarifu kwamba wake haukufika na sababu yake, na asiyerudi kusema anamwacha mtu Nairobi akiamini kwamba mamaye amekwisha kumsoma.

SWALI: Kalamu au penseli? — Mwanafunzi, Mikindani

JIBU: Penseli. Wino hukimbia karatasi ikilowa, na siku hiyo kila kitu kitakuwa kimelowa. Chukua mbili, na wembe wa kuchongea.